Tuhesabu Kwanza, Ndipo Tugawe

(Hotuba iliyotolewa na mhasibu mstaafu wa idara ya afya, mmoja wa wanafunzi wa zamani, kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu.)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya kabla mkutano haujaamua matumizi ya fedha tulizochanga kwa ajili ya zahanati ya shule. Mimi si daktari. Miaka yangu yote ya kazi nilihesabu shilingi katika ofisi za afya za wilaya. Lakini nilijifunza huko kwamba shilingi nayo huponya au huacha mtu afe, kutegemea imewekwa wapi.

Katika wilaya moja niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja, makisio ya kila mwaka yalikuwa ni yale ya mwaka uliopita yaliyoongezwa kidogo. Mradi wenye mfadhili ulipata fungu nono. Ugonjwa usio na msemaji ulipata makombo. Hakuna aliyeuliza: katika wilaya hii watu wanakufa kwa nini hasa?

Swali hilo liliulizwa kwa dhati katika wilaya mbili za nchi yetu, Rufiji na Morogoro Vijijini, katika miaka ya mwisho ya tisini. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilikuwa imetoa taarifa iliyodai kwamba nchi maskini zingeweza kupunguza vifo vingi kwa fedha kidogo, iwapo fedha hizo zingefuata magonjwa yanayoua zaidi. Wizara yetu ya Afya, ikishirikiana na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, IDRC, iliamua kulijaribu dai hilo. Sikuwa miongoni mwa watafiti. Niliyafuatilia matokeo kama mhasibu anayependa hesabu zilizokamilika.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Watu wengi wa vijijini hufia nyumbani, kwa hiyo daftari la hospitali halitoshi. Huko Rufiji wadodosaji walizunguka nyumba hadi nyumba, wakirudi kila baada ya miezi minne kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Palipotokea kifo, waliketi na wafiwa kwa heshima na kuwauliza dalili za marehemu, ili madaktari wakadirie sababu. Kisha wakahesabu miaka ya uhai iliyopotea. Mtoto wa mwaka mmoja akifa, tumepoteza miaka mingi kuliko anapofariki mzee wa miaka themanini.

Walipozilinganisha hesabu hizo na bajeti, aibu ilionekana. Katika Morogoro Vijijini malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya fedha. Maradhi mengine ya watoto kama vile kichomi, kuhara, surua na utapiamlo yalikuwa na sehemu kubwa ya msiba na sehemu ndogo ya fungu.

Jambo la pili liliwashangaza wengi. Tulizoea kusema kwamba watu wa vijijini hufa kwa malaria kwa sababu hukimbilia kwa waganga wa kienyeji. Uchunguzi wa vifo vya malaria huko Rufiji kati ya 1999 na 2001 ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya marehemu walikuwa wametafuta kwanza dawa za kisasa, dukani au kwenye zahanati. Basi lawama haikuwa ya mgonjwa peke yake. Ilibidi tujiulize alipewa nini alipofika, na kama dawa ile bado ilikuwa na nguvu.

Baada ya hapo viongozi wa afya wa wilaya walipewa nyenzo za kupanga wenyewe, na nyongeza ya fedha isiyofika dola mbili kwa kila mtu kwa mwaka. Waliitumia kwa mambo yasiyo na fahari: vyandarua vyenye dawa, kuwafundisha wauguzi kumchunguza mtoto mzima badala ya kutibu homa tu, usimamizi wa mara kwa mara, redio za mawasiliano. Wananchi nao walijitolea kukarabati zahanati zao. Katika miaka mitano iliyofuata vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Sitaki kutia chumvi. Vifo vya watoto vilipungua kwingineko pia: kwa nchi nzima, uchunguzi wa mwaka 1999 ulionyesha vifo 147 vya walio chini ya miaka mitano kwa kila vizazi 1,000, na ule wa 2004/05 ulionyesha 112. Vyandarua vilikuwa vinaenea, na bajeti ya afya ilikuwa inakua. Lakini mafunzo yale ya kumchunguza mtoto mzima yalipimwa kwa kulinganisha wilaya hizo mbili na jirani zao, Kilombero na Ulanga. Vifo vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 13, na gharama ya kumhudumia mtoto haikuwa kubwa zaidi. Kwa mhasibu, hiyo ni habari njema kupita zote: huduma bora bila gharama kuzidi.

Sasa nirudi kwetu. Mbele ya mkutano kuna mapendekezo mawili: kununua mashine ya eksirei, au kujenga wodi yenye jina la chama chetu ukutani. Yote mawili yanapendeza machoni. Lakini mashine hutaka fundi, umeme na matengenezo kila mwaka, na wodi hutaka muuguzi wa usiku. Na hadi leo hakuna aliyetuonyesha wanafunzi wanaugua nini. Huenda tatizo ni maji ya kunywa. Huenda ni vyandarua vilivyochanika bwenini. Kukata shauri kabla ya kujua ni kumpa mgonjwa dawa kabla hujamsikiliza.

Kwa hiyo natoa hoja, Ndugu Mwenyekiti. Fedha zikae benki kwa muhula mmoja. Muuguzi atoe hesabu za daftari la zahanati kwa miaka mitatu iliyopita, bila majina ya wagonjwa. Wanafunzi wa kidato cha tatu, chini ya mwalimu wao wa hisabati, wahesabu kila ugonjwa umewapotezea wenzao siku ngapi za masomo. Wakusanye pia habari za wale waliougua bwenini bila kufika zahanati, maana hao daftari haliwajui. Kisha waje hapa watusomee, nasi tugawe fedha kwa kufuata hesabu hiyo. Ikisema eksirei, mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Nanyi vijana, msiidharau kazi hii kwa kuwa haina koti jeupe. Wale wadodosaji wa Rufiji hawakumdunga mtu sindano, lakini bila madaftari yao hakuna ambaye angejua fungu liende wapi.

Naomba hoja iandikwe na ipigiwe kura.