Mwanachama Aliyeshindwa Kulipa



Mitaa mingi ya Dar es Salaam ina chama cha kuzikana. Vingine vimesajiliwa, vina katiba yenye mhuri na akaunti benki. Vingine ni daftari moja la mistari, jalada gumu, linalokaa kwa mama anayeaminika, na mali yote ya chama imepangwa uani kwake: turubai, majamvi, ndoo, masufuria makubwa ya pilau, na viti vya plastiki vilivyopakwa alama ya rangi mgongoni visije vikachanganyika na vya watu. Msiba ukitokea usiku, mfiwa hahangaiki. Anatuma mtoto kwa huyo mama. Kunapambazuka turubai limeshafungwa, vijana wameondoka na majembe na sepeto kwenda makaburini, kina mama wamekoka moto, na mtu mwenye mwandiko mzuri ameketi karibu na mlango akiandika rambirambi, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi.

Nawaheshimu sana watu hawa. Hawalipwi, na mara nyingi hawashukuriwi. Ndiyo maana jioni ya leo nataka kuzungumza nao waziwazi kuhusu kifungu kimoja nilichokikuta katika katiba zao nyingi, kile kinachosema kwamba mwanachama aliyelimbikiza deni la michango kwa miezi kadhaa, aghalabu mitatu, amepoteza haki zake zote.

Kabla ya kukifikia kifungu hicho, turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuzikana hakukuanza na daftari. Kabla yake palikuwa na utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na leo ni watani. Mngoni akifiwa, mtani wake Mhehe anaingia msibani bila kualikwa, anafanya mizaha iliyo haramu kwa mtu mwingine yeyote, na anashika kazi nzito ambazo wafiwa hawaziwezi siku ile. Katika njia za misafara, kutoka Unyamwezi hadi Bagamoyo, utani ulimfaa mpagazi aliyeugua mbali na kwao: palikuwa na kabila alilokuwa na haki ya kuligongea mlango. Yaani kwa muda mrefu sana watu wa nchi hii wamekuwa na jibu kwa swali la nani atamsitiri mgeni.

Miji ilipokua, watu wakawa wengi kuliko watani. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha vyama vya ngoma vilivyoitwa beni. Walicheza kwa gwaride, kwa tarumbeta na ngoma kubwa, wakiwa na sare na vyeo: Kingi, Kaizari, Jenerali, Dokta. Kabla ya vita ya mwaka 1914 beni ilikwishafika Tanga na Dar es Salaam, na huku kwetu ikagawanyika katika pande mbili zilizoshindana vikali, Marini na Arinoti. Marini walijiona ndio watu wa mjini hasa, waliosoma na waliovaa vizuri. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi ngumu na wageni kutoka bara.

Wazungu wengi waliotazama gwaride lile waliona watu weusi wanaoiga jeshi. Hawakuangalia kilichokuwa kikifanyika baada ya ngoma kwisha. Marini na Arinoti walikuwa na ada na faini. Walikuwa na viongozi waliotakiwa kujibu kwa wanachama. Mwenzao akiugua alitunzwa, akifa alizikwa kwa heshima ya cheo chake, na kijana aliyekuja mjini bila shangazi wala mjomba alipata watu wa kumwita ndugu. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, na hoja yake kubwa ni hiyo: pale ambapo watawala waliona mchezo tu, wenyewe walikuwa wakijenga namna ya kuishi mjini.

Kisha ikaja vita. Mamia ya maelfu ya watu walichukuliwa upagazi katika majeshi yaliyopigana Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu hawakurudi. Jina la Kariakoo, kwa Dar es Salaam na kwa Nairobi pia, ni kumbukumbu ya wapagazi hao. Wengi walizikwa porini bila jina. Waliorudi walirudi na beni, wakaisambaza bara: Tabora, Ujiji, Nyasa, mpaka Rhodesia ya Kaskazini, ambako wachimba madini wa shaba walipogoma mwaka 1935, tume ya serikali ilichunguza kama chama cha Mbeni, yaani beni ya huko, kilikuwa na mkono katika kuwaunganisha. Mtawala aliyekuwa akiidharau ngoma sasa aliiogopa. Aliogopa kwa sababu aliona watu wa makabila mbalimbali, wasio na chifu mmoja, wanaoaminiana kiasi cha kufanya jambo pamoja.

Sitaki kuipamba beni. Mashindano yake yalikula fedha nyingi. Upande mmoja ukichinja ng'ombe, wa pili ulitaka kuchinja zaidi, na wanachama wakabaki na madeni. Wanaotumia leo mamilioni kwa sare za sherehe huku mfuko wa wagonjwa uko mtupu hawakuanza wao.

Lakini mazoea yale ya kuchagua mwenyekiti, kutunza daftari na kusoma hesabu mbele ya watu hayakupotea. Mwaka 1922, pale Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa serikali, na wakakaa humo Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na watu wa bara. Mwaka 1929 ikaundwa African Association hapa Dar es Salaam, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu. Chama hicho kilibadilika kikawa TAA, na Julai 1954 TAA ikawa TANU. TANU nayo ilipotafuta wanawake wa mjini, haikuanza na hotuba. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma, akawapitia kina mama wa vikundi vingine, kikundi kwa kikundi, na maelfu wakakata kadi. Kina mama wale walishazikana na kuozeshana watoto. Walipoambiwa wadai uhuru pamoja, hawakuwa wakikutana kwa mara ya kwanza.

Nimeyasema haya yote kwa sababu nasikia siku hizi vyama vya kuzikana vikizungumzwa kama jambo dogo la kina mama na wazee. Si jambo dogo. Ni moja ya mizizi ya siasa ya nchi hii.

Sasa tuje kwenye kifungu chetu.

Mchukulie fundi cherehani aliyejiunga miaka mingi iliyopita. Amechangia misiba ya watu wengine. Amechimba makaburi, amekesha kwenye majamvi, amebeba majeneza ya watu aliokuwa hana undugu nao wa damu. Halafu macho yanafifia, kazi inapungua, mwishowe anaugua. Mwezi wa kwanza hakulipa. Wa pili hakulipa. Wa tatu anaona haya hata kufika kikaoni, maana anajua jina lake litasomwa. Mwezi wa nne anafariki. Katibu anafungua daftari, anakuta visanduku vimekaa vitupu kwenye mstari wake, na katiba inasema kilicho wazi. Turubai halitoki.

Angalieni hapo, ndugu zangu. Ugonjwa uliomuua ndio huo huo uliomzuia kulipa. Kifungu kilichoandikwa ili kukilinda chama kimemtoa mtu nje katika wiki zile zile ambazo chama kilianzishwa kwa ajili yake. Kampuni ya bima ina haki ya kufanya hivyo, kwa sababu haikuwahi kumwambia mteja kwamba ni ndugu yake. Sisi tulimwambia. Tulimwita ndugu siku aliyolipa kiingilio, tukamwita ndugu kila alipokamata jembe.

Najua mweka hazina atanijibu nini, na jibu lake lina uzito. Atasema wapo watu wanaotega makusudi. Mtu anakaa mwaka mzima hachangii, akifiwa na mama yake anakuja na noti mkononi kulipa deni lote kwa mkupuo. Ukimpokea huyo, wanaolipa kila mwezi wataona wamefanywa wajinga, na chama kitakufa. Ni kweli. Nimekaa katika vikao ambavyo hasira hiyo ilikuwa mezani, na wenye hasira hawakuwa watu wabaya. Muuza maandazi anayetoa elfu mbili zake kila mwezi anajua ametoa nini.

Lakini chama cha watu thelathini au hamsini wa mtaa mmoja kina uwezo ambao bima haina: kinawajua watu wake. Mnajua nani kagoma na nani kashindwa. Mnajua mlango upi haujatoa moshi wa jikoni. Tena daftari lenu lenyewe lina safu ya mahudhurio pembeni ya safu ya michango, na safu hiyo inasema ukweli mwingi. Aliyehudhuria misiba ya wenzake kwa miaka kumi hajageuka mtegeaji ndani ya miezi mitatu. Amepatwa na jambo. Katiba inayotazama safu moja na kuifumbia macho ya pili haijawatendea haki hata hao wanaolipa.

Tunao mfano wa karibu. Vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na ndugu zake, vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Ndani ya sanduku fedha za mikopo zinakaa mbali na mfuko wa jamii. Katika vikundi vinavyofuata utaratibu vizuri, kikao kinapoanza mwenyekiti anauliza: mfuko wa jamii tuliufunga na shilingi ngapi? Wanachama wanajibu kwa kukumbuka, kabla mfuko haujafunguliwa na kuhesabiwa. Napenda sana utaratibu huo. Bibi asiyejua kusoma anakuwa mkaguzi wa hesabu sawa na mwalimu mstaafu. Na kwa kuwa mfuko wa jamii umetengwa, mtu anaweza kudaiwa mkopo na bado akasaidiwa akiugua.

Vyama vya kuzikana vingeweza kufanya vivyo hivyo. Deni lisidaiwe kwa maiti. Mtu azikwe kwanza, na habari ya deni izungumzwe na familia baada ya arobaini, kwa utaratibu, na kama familia haina kitu lifutwe kwa kauli ya kikao. Na kabla jina halijakatwa, mwezi wa pili wa kimya, watu wawili waende nyumbani kwake. Waende miguu, wakae, wanywe maji, waone hali. Ujumbe wa simu unaosema unakumbushwa kulipa si kumtembelea mtu.

Simu yenyewe imetusaidia, sikatai. Mwanachama aliyehamia Mwanza au aliyeko Muscat kikazi anatuma mchango wake ndani ya dakika moja, jambo ambalo wazee wetu hawakuwa nalo. Ila naona tulio hapa hapa mtaani nasi tumeanza kutuma na kubaki kazini. Rambirambi inafika, mtu hafiki. Vyama vinavyotoza faini ya kutohudhuria mazishi vimeelewa kitu, na ningependa faini hiyo iwe kubwa kuliko ya kuchelewesha mchango, kwa sababu jeneza halibebwi na salio.

Kama chama chenu kinakutana Jumapili hii, mwombeni katibu asome kifungu cha deni kwa sauti. Kisha pitieni majina yaliyofutwa mwaka huu, moja moja, mkiulizana nani alikwenda nyumbani kwake kabla hamjalifuta. Kila jina ambalo hakuna aliyekwenda, teueni wawili waende wiki hiyo hiyo, na walete taarifa kikao kijacho.