Chaja ya Pamoja Katika Ofisi ya Chama



Chama kinachotaka kuweka ofisini chaja moja yenye matundu mengi ya USB, ili wanachama wachaji simu zao, hakina budi kuanza na hesabu. Kila tundu hutoa volti 5. Tukiruhusu ampea 2, ni wati 10. Matundu 6 ni wati 60. Basi kifaa cha kubadili umeme kiwe cha wati 75 hivi, kisichoshwe.

Lakini jambo kubwa ni usalama. Umeme wa ukutani ni volti 230, na kinachoutenganisha na simu iliyo mkononi mwa mwanachama ni transfoma ndogo tu. Kinga ya nyuzi zake ikiharibika, umeme huo huweza kumfikia. Kwa hiyo fundi asiiunde sehemu hiyo mwenyewe. Chama kinunue kifaa kilichothibitishwa ubora. Fyuzi iwekwe kwenye waya wa moto, na sanduku la chuma liungwe na waya wa ardhi.

Kamati itavutwa na bei rahisi. Ndugu Makatibu, ikataeni, na sababu ziandikwe katika muhtasari. Simu ikiungua hununuliwa nyingine, mwanachama hanunuliwi.