Kusoma Chati Bei Zinaposhuka: Mchoro Unasema Nini Wanunuzi Wakiadimika?

Mada kwa semina ya vikundi vya kuweka na kukopa, Uyole, Mbeya



Nimeombwa nizungumzie chati kwa sababu vijana wengi wa vikundi vyetu sasa wana Hisa Kiganjani, programu ya kununulia hisa, kwenye simu, na pembeni yake wana programu ya chati za mishumaa waliyoizoea kwenye biashara ya fedha za kigeni. Bei ikishuka hawafungui hesabu za kampuni. Wanachora mstari chini ya mishumaa, wanauita sapoti, kisha wananunua hapo. Sisemi wanafanya upuuzi. Nasema chombo hicho kilitengenezwa kwa soko lenye wauzaji na wanunuzi wengi, nao wanakipeleka Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako zipo siku kampuni nzima inamaliza bila hisa yake hata moja kubadilisha mikono.

Watu wa Mbeya watafurahi kusikia kwamba mishumaa hiyo inatokana na mchele. Mapokeo humtaja Munehisa Homma, mfanyabiashara wa mji wa Sakata, Japani, katika karne ya 18. Zama hizo soko la mchele la Dojima, Osaka, lililotambuliwa rasmi na watawala mwaka 1730, lilikuwa na msongamano wa watu wanaouziana hata mchele ambao hauko ghalani. Kila mshumaa hubeba bei nne: ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga. Miamala ikiwa mingi, bei hizo nne hueleza mvutano wa siku nzima. Muamala ukiwa mmoja, zote nne ni bei ileile, na mshumaa unabaki kistari.

Chukueni Benki ya NMB. Iliingia sokoni Novemba 2008 baada ya kuuzwa kwa umma kwa shilingi 600, ikapanda sana, kisha ikashuka na kukwama kwenye 2,340 kwa muda mrefu, kuanzia 2018 hivi. Kwenye chati unaona mstari uliolala kama sakafu ya saruji, na mwanafunzi wa chati atakuambia kuwa wanunuzi wanailinda bei hiyo. Hapakuwa na ulinzi wowote wa kujivunia. Kampuni ya uwekezaji ya Arise ilikuwa na asilimia 34.9 ya hisa, Serikali asilimia 31.8; yaani theluthi mbili zilikuwa mikononi mwa wenye hisa wawili wasiouza leo na kununua kesho. Hisa zilizobaki kuzunguka zilikuwa chache. Wakati mstari umelala, faida ya benki ilitoka takriban shilingi bilioni 142 mwaka 2019 hadi bilioni 206 mwaka 2020. Habari kubwa namna hiyo haikuonekana kwenye mchoro.

Sisi wa viazi tunalijua jambo hili kupitia lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Ukitajiwa bei ya gunia bila kuambiwa limefungwa vipi, hujatajiwa bei. Chati isiyoonyesha hisa ngapi ziliuzwa ni lumbesa vilevile, ila safari hii anayepunjwa ni anayenunua.

CRDB inafundisha zaidi, maana hisa zake zinazunguka afadhali kidogo, na huko chati ilisema kweli kwa muda. Mwaka 2015 benki iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350. Baadaye mikopo mibovu ikaiuma: faida iliyokuwa karibu bilioni 130 mwaka 2015 ilishuka hadi kama bilioni 36 mwaka 2017. Bei ikafuata. Aliyeuza kwa sababu tu mstari umevunjika aliokoa fedha zake, na mimi nampa haki yake bila kinyongo.

Mambo yalipinda kuanzia 2018. Faida ilipanda hadi takriban bilioni 64, na mwaka uliofuata ikafika bilioni 120, huku bei ikiendelea kuteremka mpaka ikazungukia shilingi 100. Msoma chati aliona mteremko uleule na akauita ushahidi. Msoma hesabu aliona kampuni inayopona inauzwa kwa bei ya mgonjwa mahututi. Wanahisa wadogo wengi walichoka wakati huo na kuuza. Miaka michache baadaye bei ilikuwa imepita 400. Bei iliendelea kushuka kwa sababu wauzaji walikuwa na haraka na wanunuzi hawakuwepo, na mshumaa mwekundu, ule wa bei iliyoshuka, hauna rangi ya pili ya kutofautisha kampuni inayooza na kampuni iliyokosa wateja.

Kwa Safaricom hadithi ni nyingine, na haki itendeke. Nairobi hisa zake huuzwa kwa mamilioni kwa siku. Ilipotoka juu ya shilingi 40 za Kenya mwaka 2021 hadi chini ya 15 mwaka 2023, wageni walikuwa wanaondoka, riba za Marekani zimepanda, shilingi ya Kenya inadhoofu, na biashara yake mpya ya Ethiopia inakula mtaji. Mtu aliyefuata mstari wa wastani wa bei za siku 200 tu, bila kujua lolote kati ya hayo, angetoka mapema. Huko mchoro ulikuwa na nyama. Lakini hisa hiyohiyo iliwaumiza wanaoanza mwaka 2008: iliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, ikaanza sokoni Juni 9 kwa shangwe, na mapema 2009 ilikuwa chini ya 3. Wengi walinunua kwa mkopo. Chati ya hisa ya wiki mbili haina historia ya kusomwa, hata ukiichora kwa rula.

Kuna makato pia, ambayo walimu wa mtandaoni huyaruka. Kwa mtaji mdogo, dalali, soko na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kwa pamoja huchukua karibu asilimia 2 ukinunua na karibu hiyohiyo ukiuza. Anayeingia na kutoka kila mshumaa unapogeuka anahitaji bei ipande zaidi ya asilimia 4 ili asipoteze, na hapo bado hajasubiri wiki nzima apate mtu wa kumuuzia.

Napendekeza kila kikundi kiwe na daftari la hisa mbili au tatu tu, na kila Ijumaa katibu aandike bei ya kufunga, idadi ya hisa zilizouzwa wiki hiyo, na wingi wa oda za kununua ukilinganisha na za kuuza. Ripoti ya robo mwaka ikitoka, faida iandikwe ukurasa huohuo. Wiki ambayo hakuna kilichouzwa, katibu aandike sifuri na asichore kitu. Fedha za ada za Januari na za mbolea zisiingie humo. Baada ya chai nitaomba walioleta chati zao wazifungue, tuanze na ile ambayo mwenyewe ana uhakika nayo zaidi.