Matone Mawili, Nyumba kwa Nyumba



Rotary ilianzishwa Chicago mwaka wa 1905. Wanachama walikutana kwa zamu katika afisi zao, na hiyo ndiyo asili ya jina lake. Nairobi ilipata klabu yake mwaka wa 1930.

Tangu 1985, wanachama wake kote duniani wamejitolea kupambana na polio, ugonjwa unaolemaza na usio na tiba. Mnamo Agosti 2020, Afrika ilitangazwa kuwa imetokomeza virusi asilia vya polio.

Lakini tusilale. Mwaka wa 2013 polio ilizuka tena nchini Kenya, katika Kaunti ya Garissa. Mtoto asiyechanjwa ndiye njia ya kurudi kwake.

Wakati wa kampeni, wahudumu na wanaojitolea hupita nyumba kwa nyumba. Mtoto wa chini ya miaka mitano hupewa matone mawili mdomoni, kisha kidole chake hutiwa alama. Chanjo ni bure.

Wakibisha hodi, wakaribisheni. Mtoto akiwa amelala, mwamsheni. Akiwa kwa nyanyake, semeni, afuatwe huko.