Unene wa Watoto na Hesabu za Mitaa
Tangu mwaka 2005 watoto wa shule za serikali huko England, wenye umri wa miaka 4 hadi 5 na 10 hadi 11, hupimwa kimo na uzito, na takwimu zake hutangazwa hadharani, hata kila halmashauri ikatambua hali yake.

Kwanza, faida yake ni dhahiri: mzazi na diwani hupata hoja ya kudai viwanja vya michezo na chakula bora shuleni.

Lakini kwa upande wa pili, mtaa wenye watoto wachache hesabu yake huyumba, hata wataalamu hulazimika kujumlisha takwimu za miaka mitatu. Na wazazi wanaokataa watoto wao kupimwa huweza kuipotosha.

Je, ni insafu kugawa fedha za umma kwa kufuata hesabu zinazoyumba hivyo?