Shule Imefungwa, Mpira Unachezwa

Leo tutazungumza juu ya Shule ya Sekondari ya Central, mjini Little Rock, Marekani. Shule hiyo ina sifa ya mpira wa Kimarekani, ambao mchezaji hukimbia na mpira mikononi.

Mwaka 1957 wanafunzi 9 weusi, wa kwanza shuleni hapo, waliingia wakilindwa na askari. Septemba 1958 Gavana Orval Faubus alifunga shule zote nne za sekondari za serikali mjini, ili weusi na weupe wasisome pamoja. Wanafunzi zaidi ya 3,600 walifungiwa nje. Lakini timu za mpira ziliendelea kucheza! Madarasa yalifunguliwa tena Agosti 1959.

Je, mwanafunzi akipewa mpira akanyimwa kitabu, amepata nini? Jibuni daftarini.