MALARIA IMPATAYO MTOTO KABLA YA KUZALIWA
Maneno ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimetakiwa niseme machache juu ya afya huko kwetu Migori na Homa Bay. Mimi si daktari, ni karani. Wala nisingethubutu kusimama hapa kama jambo lenyewe halikupita nyumbani mwangu.

Mke wangu alipopata mimba ya kwanza tulifuata desturi ya kutoitangaza mimba ikiwa changa, na kliniki akaenda mwezi wa saba. Mtoto alizaliwa mdogo, hakufikia kilo 2 na nusu. Siku ya nne mwili ukawaka moto, akakataa kunyonya. Mahali tulipompeleka kwanza, ambapo sitapataja, tuliambiwa kwamba mtoto wa siku nne hawezi kuwa na malaria. Tukapewa dawa ya maji, tukarudi. Usiku ule ule tulimpeleka kwingine. Wakamtoboa kisigino, wakaitazama damu kwa darubini, na vijidudu vilikuwamo. Aliponea chupuchupu, leo yuko darasa la pili.

Je, mbu alimwuma lini? Hesabu haikubali. Vijidudu vitiwavyo na mbu hukaa kwanza katika ini kiasi cha juma moja ndipo vionekane katika damu. Basi mtoto yule alivipokea kwa mama yake, naye mama hakuwa ameugua homa hata siku moja! Daktari akatueleza kwamba malaria ya kwetu ina hila: hujificha katika kondo la nyuma, mnamopita chakula cha mtoto, hata damu ya kidole ikipimwa pengine haionyeshi kitu. Mwenye mimba ya kwanza hudhurika zaidi, kwa kuwa mwili wake haujapata kuizoea hila hiyo. Wazaliwao na vijidudu ni wachache kuliko wazaliwao wadogo na dhaifu, lakini adui ni yule yule.

Kinga ipo. Tangu mwaka wa 2012 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba katika nchi kama zetu mama mjamzito apewe dawa iitwayo SP kila aendapo kliniki, kuanzia mwezi wa nne, dozi zisipungue 3, na kati ya dozi na dozi upite mwezi mzima. Ni tembe 3 zimezwazo pamoja mbele ya muuguzi. Aanzaye mwezi wa saba atazipataje zote? Lakini mama atumiaye Septrin kwa ajili ya virusi vya Ukimwi asipewe SP. Na amwambie muuguzi, asione haya. Chandarua nacho ni cha kila usiku.

Wengine watasema chanjo imekuja. Ni kweli, ilizinduliwa Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, nasi twaifurahia. Ila hutolewa mtoto akiwa amekwisha kuwa na miezi kadhaa. Mwezi wa Julai 2025 nchi ya Uswisi iliidhinisha dawa ya kwanza ya malaria iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa kilo 2 hadi 5. Hapo kabla walipimiwa dawa za wakubwa wao. Hata hivyo, mtoto mchanga mwenye joto apelekwe hospitali saa ile ile, kwani si malaria peke yake iwezayo kumwua, na wazazi waombe damu ipimwe.

Bwana Mwenyekiti, mfuko wetu mkubwa kuliko yote ni ule wa kusafirisha maiti kwenda nyumbani. Vocha zake naziandika mimi, na baadhi ya majeneza yalikuwa mafupi sana. Naleta hoja kwamba sehemu ya mfuko huo itengwe kwa nauli ya bodaboda, ili kila mke wa mwanachama aliye mjamzito huko nyumbani afike kliniki kuanzia mwezi wa nne. Naomba ipigiwe kura leo, kabla ya chai.